Nafasi Moja Iliyobaki, Nikampa Mbwa

Nilimwandika mbwa kwenye ukoo wetu. Naanza na hilo ili nikianza kuwakasirikia wengine, na nitawakasirikia sana, usije ukasema nilikuficha. Mbwa mwenyewe ni wa landilodi wetu hapa mtaani Soweto East, Nairobi, mweupe ukimwona kwa mbali, rangi ya matope ukimkaribia. Landilodi alimpa jina la mpangaji mmoja wa kwetu aliyehama bila kulipa kodi, kwa hiyo ni mbwa mwenye jina la mtu. Mimi nikamwongezea jina la ubatizo, nikamfanya mtoto wa babu mkuu, hakuoa, hakuzaa. Nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka watu wakageuka.

Haya mambo yaliletwa na baba mdogo. Baba yetu alipofariki, huyu ndugu yake, fundi cherehani wa Kawangware na mwenyekiti wa chama cha ukoo wetu hapa Nairobi, alijipa kazi ya kutuamulia kila kitu isipokuwa karo. Mteja mmoja akamwambia kuna kampuni ng'ambo, ndani ya intaneti, ukiilipa inakutafutia mababu zako wote na kukuchorea mti wa ukoo. Baba mdogo hakulala. Akaitisha mchango, kila nyumba itoe. Na kwa kuwa mimi niko Fomu Tatu, na shule yetu ina kompyuta mbili ambazo tunaruhusiwa kuzitazama, nikateuliwa mtaalamu.

Mama alitoa mchango kabla ya mtu yeyote. Yeye huuza sweta za watoto, mitumba, Soko la Toi, na wiki ile hazikuwa zinakwenda. Alitoa tu. Kisha akanishika mkono, kitu ambacho hafanyi.

"Uandike wote watano," akasema.

Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu watano. Sisi tuko wanne. Wa kwanza alikuwa msichana, akafa hajaota hata jino. Baba hakuwa na uwezo wa kusafirisha mwili nyumbani magharibi, wakamzika katika makaburi ya jiji, kaburi la muda. Kaburi la muda maana yake miaka ikipita wanamzika mtu mwingine papo hapo. Siku moja mama alienda kupalilia akakuta msalaba wa mzee asiyemjua. Hata majirani waliokuwa wakimwita mama fulani, kwa jina la huyo mtoto, walihamia jina la kaka yangu kama watu wanaohama nyumba inayovuja. Kwa hiyo huo mti ungekuwa mahali pekee ambapo dada yetu ameandikwa. Nilijua hivyo. Nilijua vizuri sana, ndio maana naona moto nikikumbuka.

Saiba, duka la kukodi intaneti kwa dakika, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, Barabara ya Ngong. Mwenye saiba alikuwa na kadi ya benki ya kulipia vitu vya ng'ambo. Tukampa mchango mkononi, naye akalipa kule, akakata cha kwake. Kisha akaunganisha intaneti kwa waya wa simu, mashine ikalia kama jogoo anayekabwa koo, na dakika zetu zikaanza kuliwa.

"Tafuta babu," baba mdogo akaamuru, amesimama nyuma yangu na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

Nikaandika jina la babu. Hakuna.

"Umeandika vibaya."

"Baba mdogo, hawa wanataka jina la familia."

"Si ndilo hilo?"

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Baba ana lake, mwana ana lake, na hakuna mtu aliyewahi kupotea. Lakini mashine ile ilitaka watu wafuatane na jina moja kama mabehewa. Tulichopata ni meli. Orodha za abiria wa meli! Na mawe ya makaburi ya watu wenye kofia ndefu, yamepangwa vizuri, hakuna aliyezikwa juu ya mwenzake. Mchango wa mama ulikuwa unalipia makaburi hayo yapanguswe vumbi.

Kitu kimoja tu ndicho ile kampuni iliweza kutufanyia: kutuchorea mti kwa majina ambayo tungewapa sisi. Hebu fikiria. Umelipia ugali, halafu unaambiwa uje na unga wako, maji yako, makaa yako, usonge mwenyewe, na chini kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba ugali ukishaiva wao wanaweza kumpakulia mtu mwingine. Hizo herufi ndogo nilizisoma baadaye. Soma kwanza, wewe unayetaka kujaribu. Na kabla hujapanda zile ngazi, kaa na akina mama wa nyumbani kwenu, uwaulize, uandike kila jina kwa kalamu, kwa sababu pale juu kila unapokuna kichwa unalipia. Sisi tulikunia pale pale.

Na kifurushi chetu, kile cha bei ya chini alichochagua mwenyekiti, kilikuwa na nafasi za majina arobaini. Ukoo wetu hauenei kwenye arobaini hata kwa matanga ya mtu asiyependwa, huwa tunazidi. Basi baba mdogo akaanza kukata, vile anavyokata kitambaa.

"Wacha hao wasichana wa shangazi, wameolewa. Huyo mlevi, toa. Weka watoto wangu wote."

"Na dada yetu wa kwanza?"

"Yupi?"

Nikamtajia.

"Aa, kijana! Huyo hakuota hata meno. Hizi nafasi zinalipiwa. Tunaandika watu wenye maana."

Ningeweza kubisha. Mimi ndiye huyu ninayebishana na mwalimu wa nidhamu mpaka anasahau kwa nini aliniita. Lakini mbele ya baba mdogo niliandika tu watoto wake saba, mmoja baada ya mwingine, hata yule anayekula chaki.

Halafu yeye akashuka kununua sigara, na mwenye saiba akanong'oneza, "Buda, umehesabu vibaya. Bado una moja imebaki."

Moja! Imelipiwa, iko wazi, inanikodolea macho. Na dirishani baba mdogo akapiga kelele kutoka barabarani: "Usiache kitu! Tumelipa! Jaza!"

Nikajaza.

Sikumwacha dada kwa ubaya. Kama ungekuwa ubaya ningekuwa na la kusema. Hakunijia kichwani. Kilichonijia ni mbwa.

Jumapili ukoo ukakutana Kawangware, nyumbani kwa baba mdogo. Mti ulikuwa umechapishwa kwenye karatasi nne, zimeunganishwa kwa selotepu na kubandikwa ukutani kando ya kalenda. Mama alivaa gauni la kanisani. Alikaa kwenye benchi la akina mama, chupa ya chai magotini, anatabasamu tangu mlangoni.

Baba mdogo akasoma kwa sauti ya mhubiri. Alipofika kwa mbwa, hakujua ni mbwa. Alilitamka jina lote, la ubatizo na la landilodi, kwa heshima. Mdogo wake babu, mzee aliyeletwa kutoka nyumbani kuwa shahidi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huyo ndiye aliyepelekwa na Waingereza vita vya Bama," akasema. "Hakurudi. Alikuwa na mbio sana."

Watu wakasema pole. Mimi nikauma kola ya shati nisilipuke. Kisha nikamwona mama. Katika nyumba nzima, ndugu zangu wakiwa wamebaki kwetu, mimi na yeye tu ndio tunaomjua huyo mbwa. Humbwekea mama kila alfajiri akienda Toi.

Alisubiri jina la mwisho.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, shemeji."

"Wangu wa kwanza yuko wapi?"

Baba mdogo akashika tepu yake. "Shemeji, nafasi zilijaa. Na kurekebisha ni kulipa upya. Si unaelewa?"

"Zilijaa," mama akasema. Akasimama, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya mbwa. "Na huyu?"

"Huyo ni shujaa wetu," mzee akamjibu kwa upole.

Mama akanigeukia. Neno moja tu lingetosha: mzee angeaibika, baba mdogo angenivunja mguu, na ningestahili. Hakulisema. Alichukua chupa yake ya chai, bado imejaa, akatoka.

Nilimkuta njiani. Tulitembea kutoka Kawangware mpaka kwetu. Mimi ndiye niliyeongea. Nilimtukana baba mdogo, nikaitukana kampuni na meli zake, nikamtukana mwenye saiba. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililonisaidia. Tulipopita kituo cha Olympic nikaishiwa na watu wa kutukana, nikamwambia kuhusu ile nafasi iliyobaki. Nikasema nitauza viatu vya shule, nirudi saiba, nimfute mbwa, nimwandike dada.

Tulikuwa tumefika getini. Mbwa akaanza kubweka kama kawaida yake. Mama alimtazama kwanza, kisha akanitazama mimi, akasema:

"Usimfute. Mmeshamlipia. Mimi kuanzia leo nikiulizwa nitasema nina sita. Kesho utamletea ndugu yako ugali, na akimaliza kula umwambie jina la dada yake, kwa sababu wewe ulilisahau."