Besi Wanne Sebuleni

Jumapili, tarehe 30 Juni 2024, baada ya ibada ya kwanza, mwalimu wa kwaya yetu alinikabidhi flashi ndogo iliyofungwa kwenye karatasi ya nyimbo. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja uliorekodiwa kwa vinasa sauti vizuri na kuhifadhiwa katika ubora wake wote. Marehemu mume wangu aliimba besi katika wimbo ule. Sikuwa na sauti yake mahali pengine popote. Alikuwa mtu wa kupiga simu, si wa kuacha ujumbe.

Niliujaribu kwanza kwenye simu yangu. Katika ubeti wa tatu sauti nyingine zote hunyamaza na besi wanne hubaki peke yao. Simu ilipofika hapo, ilikuwa kama wanaume hao wametoka nje kupunga upepo. Nikaamua kwamba nitamsikia mume wangu, na nitamsikia sawasawa, sebuleni mwake, hapa Ilemela.

Spika mbili na amplifaya vilikuwa vyake. Nilichoongeza ni kompyuta ndogo yenye programu ya kuchezea muziki, pamoja na kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachopokea muziki kutoka kwenye kompyuta na kuupeleka kwenye amplifaya ukiwa safi. Nilishauriwa niite fundi. Sikuita. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na moja, katikati ya vijana walioniamkia kabla ya kuniazima kifutio. Mtu aliyepita hapo haogopi kijitabu cha maelekezo. Nilikisoma kuanzia Jumatatu, tarehe 8 Julai, hadi Ijumaa, kamusi ikiwa pembeni.

Jumamosi, tarehe 13, saa nane mchana, wifi yangu aliwasili kutoka Mabatini. Ni dada wa marehemu, mkubwa kwangu kwa miaka minne.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mitambo imeshaongea, au bado unaisomea?"

Alikaa, akatoa kwenye mkoba kahawa kavu za kutafuna anazoletewa kutoka Bukoba, akaanza kazi yake. Mimi nikaanza yangu.

Wimbo ulilia mara moja, lakini kioo kidogo cha kisanduku kilionyesha kipimo cha ubora cha arobaini na nane, ilhali rekodi yetu ni ya tisini na sita. Maana yake, kompyuta ilikuwa ikiupunguza muziki njiani.

"Unatupunja," alisema wifi nilipomweleza.

"Si mimi. Ni kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

Nilifungua mipangilio. Programu ilikuwa ikitoa sauti kwa njia ya kawaida ya kompyuta, ile ile inayopitisha kengele za ujumbe na makelele mengine. Nikaiondoa hapo, nikaielekeza moja kwa moja kwenye kisanduku. Kioo kikaandika tisini na sita. Nilihakikisha wifi amekiona.

Ubeti wa tatu ukafika. Besi walikuwepo, ila kama ng'ombe wanaolia nyuma ya ukuta: sauti moja nene, isiyo na maneno, na vikombe vya kabatini vikiisindikiza.

"Kaka yangu ni yupi hapo?" aliuliza wifi. "Huyo anayegonga vikombe?"

Nilikagua nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nilirudi kwenye kijitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Saa nzima ilipita, na hofu ikaanza kuniingia kwamba huenda rekodi yenyewe ndivyo ilivyo, na kwamba hicho ndicho kiasi chote nilichobakiziwa cha mume wangu.

"Wifi, usikasirike," alisema hatimaye. "Hao wanaume umewafunika mashuka."

Alikuwa akitazama vitambaa vyangu. Katika nyumba yangu kila kitu cha heshima kina kitambaa cha kufuma: migongo ya makochi, runinga, jagi la maji. Nimelelewa hivyo. Spika nilizipanga ndani ya kabati, kati ya vikombe vya wageni, kila moja na kitambaa chake kilichoning'inia mpaka chini.

"Hivyo ni vya matundu," nilijitetea. "Sauti inapita."

"Matundu yapo wapi? Umevitia stachi mpaka vinaweza kusimama vyenyewe."

Kijitabu hakikuwa na neno hata moja juu ya vitambaa. Aliyekiandika, ni dhahiri, hajawahi kukaribishwa katika sebule yoyote ya Mwanza. Nilivivua, nikavikunja kwa utaratibu ili wifi asidhani nimeshindwa. Kisha tukazitoa spika kabatini, tukaziweka juu ya stuli mbili, mbalimbali, zikitutazama.

Nikaucheza wimbo tangu mwanzo. Ubeti wa tatu ulipofika, wanaume wanne walikuwa wamesimama sebuleni mwangu, kila mmoja mahali pake. Mmoja alikuwa na koo kavu. Wifi aliacha kutafuna. Kabla ya mstari wa pili, mmoja wao alivuta pumzi puani, akaingia akiwatangulia wenzake watatu.

"Huyo!" alipaza sauti wifi. "Hajawangoja!"

"Alimngoja nani lini? Hata mezani, sisi tuko kwenye sala, yeye ana tonge mkononi."

"Na kwenu je? Si alikwenda mwenyewe kabla ya mshenga?"

"Alifika Jumatano," nilimjibu. "Mshenga akaja Jumamosi, akakuta baba ameshamzoea."

Tulicheka mpaka wimbo ukaisha bila kusikilizwa. Ikabidi niurudishe nyuma.

"Sogea huku, wifi," nilimwambia. "Yuko upande wa kushoto."

Akaliburuta kochi langu sakafuni, jambo nisilomruhusu mtu yeyote, akaketi karibu na spika ya kushoto huku ameinamisha kichwa. Tuliurudia ubeti ule mara saba, na mara zote saba mume wangu aliwahi.