Supu ya Matanga ya Heriberto

Mimi nauza ndimu sokoni, sheria siijui. Lakini lililompata jirani yangu Eufrosina limeniacha mdomo wazi mpaka leo.

Eufrosina anapika pozole, ile supu ya mahindi na nyama ya nguruwe, na meza yake imegusana na yangu. Ulimi anao! Mteja akilalamikia pilipili humwambia, "Basi kanyonye kwa mama yako." Watoto alijaliwa wawili. Yareli yuko Chicago, Marekani. Heriberto alibaki hapa Michoacán, Meksiko, akiendesha lori la ndimu. Wale jamaa wa unga, wauza dawa za kulevya, walitaka awabebee mzigo chini ya ndimu, alipokataa, wakamuua. Yareli akawataja hadharani mtandaoni, wao wakaapa kummaliza siku akikanyaga huku. Kwa hiyo mama na mwana kuonana ni mama aende kule. Njia nyingine hakuna.

Kwetu mtu akifa husaliwa rozari siku tisa, na anayeingia kusali lazima ale. Ukimfukuza mtu mlangoni, umeiharibu sala ya marehemu. Siku ya mwisho ya matanga ya Heriberto, yarabi, wakaingia watatu na bunduki! Wakavua kofia, wakapiga magoti pamoja nasi. Aliyetangulia ni Güero, wa genge lilelile lililomuua, na nani hakujua kazi yake? Eufrosina akateka supu, akawapa.

"Kuleni," akasema. "Sala ya mwanangu haitaharibikia mlangoni kwangu."

Baadaye Marekani ikatangaza kwamba magenge ya unga ni magaidi kisheria. Soko zima tulishangilia. Mimi nilipiga vigelegele, nikasema sasa watakiona cha mtema kuni. Eufrosina ndiye aliyefurahi kupita wote, maana Yareli alikuwa ameshamwombea kibali cha kwenda kuishi naye. Nani atamnyima mama aliyeuliwa mwana na magaidi?

Siku ya mahojiano kwenye ubalozi wa Marekani nilimsindikiza, nikamngoja nje. Alipotoka nikamkimbilia.

"Wamekupa?"

"Kijana wa dirishani aliniuliza kama nimewahi kuwapa hao watu wa unga kitu chochote, hata chakula. Nikamwambia ndiyo, baba, niliwapa supu kwenye matanga ya mwanangu waliyemuua wao. Nilidhani atanihurumia, shoga."

"Akasemaje?"

"Eti nimesaidia magaidi. Kibali hakuna."

"Wewe?" Nilipiga kelele mpaka askari wakageuka. "Kwa bakuli la supu? Wana wazimu hawa!"

Tulimpigia Yareli palepale. Akamuuliza wakili wake, kisha akatupigia akilia. Chakula nacho huhesabiwa msaada, wakili kasema, na ukisema ulitoa kwa hofu, hiyo ni kesi ya miaka, na hakuna anayeahidi kitu.

"Mama, kwa nini hukunyamaza tu?"

"Niliulizwa, mwanangu. Nimdanganye mtu ninayemwomba ruhusa ya kuja kukuona?"

Wiki iliyofuata Güero akaja sokoni, amenyoa vizuri, ananukia. Akaegemea meza ya Eufrosina saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa.

"Nimesikia wamekukatalia, mama. Pole. Lakini usijione yatima, Marekani yenyewe imekuandika kwetu. Wewe sasa ni wetu!"

Akacheka, akampigapiga begani kama shangazi yake, akaenda zake. Mimi sikuthubutu kumtupia hata ndimu moja.

Ndipo kikasikika kiti kikivutwa. Mwanamke mmoja, mteja wa miaka na miaka, akainuka na bakuli lake halijafika nusu. Akafuata mwingine, kisha wazee wawili. Yule wa kwanza akasogea karibu na Eufrosina, akasema kwa sauti ya chini huku akitazama chini.

"Nisamehe, Bi Eufrosina. Kesho nami nitaulizwa dirishani nimempa nani pesa. Na mimi nina mume kule."