Mapigo ya Babu wa Kitanda cha Saba

Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza hajui kitu, ila anajua kukunja kona za shuka. Ndicho cha kwanza tulichofundishwa hapa Bariadi, na mimi nilikishika haraka maana ni kama kufunga mzigo wa pamba, ukilegeza kona moja yote inamwagika. Baada ya shuka zikaja sindano. Wiki mbili nzima tulichoma viazi vitamu. Kiazi ni mgonjwa mzuri sana. Hapigi kelele, hasemi "niitie mkubwa wako", na jioni unamchemsha.

Halafu yakaja mapigo ya moyo, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Kuhesabu mapigo si kazi. Unaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa kidole gumba, unatazama mshale wa sekunde, unahesabu nusu dakika, unazidisha kwa mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Unachohitaji ni saa yenye mshale wa sekunde, tena mshale unaotembea.

Saa yangu ilitoka mnadani. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, minada yetu imejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu waliofika Nairobi: redio za kila rangi, mitumba kwa marobota, saa zinazong'aa kuliko uso wa bwana harusi. Baba alininunulia moja siku naondoka nyumbani, muuzaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba haiingii maji. Wiki yangu ya pili wodini nilimwogesha mgonjwa kitandani, mkono ukazama kwenye beseni, maji yakaingia. Ikasimama saa nne na dakika saba. Niliitikisa, nikaianika, nikaiombea. Saa nne na dakika saba.

Sasa, Sista anayetufundisha ana sheria moja ambayo haina mlango wa nyuma: mwanafunzi asiye na saa haingii wodini, anarudi kwao kuitafuta. Kwetu ni Kimali, kule Meatu. Ukirudi Kimali kutafuta saa katikati ya muhula, baba atasema ngoja pamba iuzwe. Pamba ikiuzwa, ng'ombe anaumwa. Ng'ombe akipona, muhula umekwisha, na kuna shangazi ameshakutafutia mchumba mwenye mifugo. Waliotutangulia waliondoka wawili kwenda kutafuta saa. Mmoja alirudi na saa. Wa pili tumesikia ana mtoto.

Kwa hiyo sikusema kitu. Niliendelea kuivaa maiti yangu mkononi, na nikiwa kwa mgonjwa niliikodolea macho kwa heshima zote. Ila nusu dakika lazima itoke mahali, nami sikutaka kuandika namba za kubuni. Mimi ni mtundu, si mwuaji. Nikatafuta njia.

Njia yenyewe ilikuwa wimbo. Kwetu tunalima kwa wimbo, na wimbo wa jembe haukimbii wala hauchelewi, kwa sababu ukichelewa wewe, jembe la mwenzako linakupata kisigino. Nilisimama mbele ya saa ya ukutani ya bwalo nikauimba wimbo mmoja mara tatu. Kuanzia neno la kwanza mpaka pale majembe yanaporushwa juu, ni nusu dakika, mara zote tatu. Ninayelala naye chumba kimoja, msichana mpole mwenye saa ya kweli, alipima nyuma yangu kwa wagonjwa wanne. Tulipishana mapigo mawili tu. Nikajiona nimegundua dawa.

Kabla sijaendelea, kwa asiye wa kwetu: ngoma za Wasukuma zina pande mbili. Mcheza ngoma yuko upande huu au upande ule, kama alivyo baba yake, na kuhama ni aibu. Baada ya mavuno pande mbili zinashindana uwanja mmoja, saa ileile, kila upande ukivuta watazamaji wa mwenzake, na aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Majina ya pande hizo siyataji, maana nataka kuendelea kula bwaloni bila kuangalia sahani yangu. Niseme tu kwamba wimbo wangu ulikuwa wa upande wetu, na maneno yake yalikuwa haya:

Ngoma yenu kuku ameiatamia,
mkiipiga, vifaranga vinakimbia.

Sikuwa natamka maneno. Nilivumisha tu puani, kama nyuki.

Kitanda cha saba alilala mzee mmoja kutoka Ipililo, kule Maswa, aliyeletwa na kichomi kikali na sasa alikuwa amepona nusu na robo. Nilimwita guku, yaani babu, naye aliniita mjukuu. Alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kikundi chake kilimsubiri kwa mashindano ya Jumamosi, na tangu siku aliyoweza kukaa kitako alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyevaa nyeupe: naruhusiwa lini? Hata fundi wa bomba aliulizwa.

Jumatatu saa sita mchana nikamshika mkono, nikavumisha, nikahesabu. Mia na ishirini. Nikaandika kwenye chati. Asubuhi ya siku hiyo nesi wa zamu alikuwa ameandika themanini.

Jumanne, asubuhi themanini na mbili, mchana, kwangu, mia na kumi na nane. Rafiki yangu wa chumbani akapima papo hapo kwa saa yake ya kweli, akapata mia na kumi na sita. Basi sikuwa nimekosea. Saa tisa Sista akapima mwenyewe: themanini. Jumatano hivyohivyo. Daktari, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwetu, aliishika ile chati akaigeuza juu chini kama mtu anayesoma ramani. Akasema moyo unaokwenda hivi haurudishwi Ipililo. Akaamua kwamba Ijumaa saa sita yapimwe mbele yake. Yakiwa chini ya mia, mzee aende nyumbani. Yakizidi, Jumamosi asubuhi anapanda gari la hospitali kwenda Mwanza kupimwa moyo.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kama huko Mwanza kuna ngoma.

Alhamisi nilikuwa natandika kitanda chake, yeye kakaa kwenye stuli pembeni. Akanitazama nikikunja kona, akasifu kona. Halafu akaniuliza kwetu ni wapi, na upande gani. Nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Leo siku ya nne unanishika mkono na kunitukana."

"Guku, mimi? Sijakutukana hata siku moja."

"Ngoma yenu kuku ameiatamia. Hiyo ni sala ya wapi?"

Shuka likaniponyoka. Mzee alikuwa wa upande wa pili, tena manju wao. Nilikuwa nimemshika mkono mtu mzima mwenye kichomi nikamwimbia kwamba ngoma yake ni kiota, kila siku kabla ya chakula, kama dawa.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Sista. Akanikata jicho.

"Nimshitaki mtoto kwa wimbo? Wimbo hujibiwa kwa wimbo. Nalala hapa natunga. Ukinishika tu, maneno yananijia mbio."

Nilicheka mpaka nikashika chuma cha kitanda. Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa yale mapigo yalikuwa yanatoka wapi. Nikamweleza kwamba ni huo wimbo unaompeleka Mwanza. Akafikiri kidogo, akasema jambo lenyewe ni rahisi, kesho niimbe mwingine.

Jioni nilikwenda bwaloni na nyimbo za kanisa. Nyimbo za kanisa zina tabia ya kuburuta miguu, lakini nilipata mmoja ambao mistari yake miwili, usipopumua, ni nusu dakika. Nikalala kama mtu mwema.

Ijumaa saa sita wakasimama miguuni pa kitanda cha saba: daktari, Sista, rafiki yangu, na wanafunzi wengine wawili waliokuja kuangalia tu. Nikamshika guku mkono. Nikaitazama saa yangu, saa nne na dakika saba, nikaanza kuvumisha wimbo wa Bwana. Na kabla sijamaliza mstari wa kwanza nikausikia moyo wa mzee chini ya vidole vyangu ukiondoka mbio kama ndama aliyefunguliwa. Alikuwa ameniambia mwenyewe na sikusikia: ukinishika tu. Haukuwa wimbo peke yake tena. Vidole vyangu vilikuwa vimekuwa wimbo.

Hamsini na nane. Mara mbili, mia na kumi na sita.

Nusura niseme themanini na nne. Ilikuwa tayari kwenye ulimi, na daktari angeniamini, maana alikuwa amechoka na alitaka kula. Lakini nikajiuliza, je, kama kweli moyo huu ni mbovu? Mimi na viazi vyangu tunajua nini habari za moyo? Nikasema mia na kumi na sita.

Daktari akatoa karatasi ya Mwanza akaanza kuandika. Mzee alivuta blanketi mpaka kidevuni akaitazama dari.

Nikasema, "Sista, saa yangu imekufa."

Akaniambia huo si wakati wa saa. Nikamwambia ndio wakati wenyewe. Nikaivua nikampa. Akaiweka sikioni, akaitikisa, akanitazama kwa muda ambao hakuna aliyeupima.

"Umekuwa ukihesabu kwa kitu gani?"

"Kwa wimbo, Sista."

Akataka kujua wimbo upi. Nikavumisha. Na kabla sijafika popote, jamaa wa kitanda cha tatu, mguu wake umening'inizwa juu kwa kamba, akaitikia kwa sauti yote ya mapafu yake, vifaranga vinakimbia. Kumbe naye ni wa upande wetu. Sista ni binti wa Mkula, Usukumani hukuhuku, hakuhitaji kutafsiriwa. Aliweka mkono mdomoni akageukia dirisha, mabega yakawa yanacheza. Mpaka leo hatujui yeye ni wa upande gani. Daktari alisubiri aelezwe.

Alipoelezwa, kalamu ikasimama. Akaniamuru nikae mbali, mlangoni. Wakampumzisha mzee, kisha Sista akamshika mkono: themanini. Akaniambia niimbe nikiwa hapohapo mlangoni. Nikaimba. Sista akasoma: mia na nne, mia na kumi, mia na kumi na mbili. Nikanyamaza, yakashuka. Daktari alinirudisha kuimba mara tatu, akisema anahakikisha, lakini mara ya tatu mguu wake ulikuwa unafuata jembe. Ndipo akaichana ile karatasi. Akamwambia mzee moyo wake ni mzima, ila una kiburi.

"Si kiburi," akasema guku. "Ni kazi."

Mchana nikaitwa ofisini kwa Sista. Kichwani nilikuwa nimeshafunga sanduku, nimeshapanda lori, nimeshafika Kimali, nimeshaonana na mchumba. Sista alinisema kwa nusu saa kamili, na ofisi ile ina saa, kwa hiyo najua. Alisema maneno mengi kuhusu udanganyifu, yote ya haki. Mwisho akasema angeniona naandika namba ya uongo leo, ningelala njiani. Halafu akatoka mpaka bwaloni, akapanda kwenye kiti, akaishusha ile saa kubwa ya ukutani, akanipa.

Mpaka nipate saa yangu, nitatembea na hiyo.

Si mchezo. Ina ukubwa wa ungo na mgongo wa mbao. Kila siku saa sita nilipita kitanda hadi kitanda nimeikumbatia kama mtoto wa wizi, naiegemeza kwenye mto wa mgonjwa, nahesabu, naibeba tena. Wagonjwa waliipenda. Walioweza kutembea walinifuata ili wajue chakula kinakuja lini.

Guku aliondoka Jumamosi asubuhi kwa baiskeli ya mwanawe, kakaa nyuma, blanketi mabegani. Jumatatu wagonjwa wapya kutoka Maswa walikuja na habari. Upande wake umeshinda. Watu walihama uwanja mzima kwenda kumsikiliza, kwa sababu alikuwa na wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

Kuku wetu ametotoa, ninyi mwahesabu nini?
Binti wa Kimali kavaa saa, jua linazama,
kwake ni saa nne na dakika saba.

Upande wetu umeshindwa kwa saa yangu. Wimbo ulifika Kimali kabla ya barua yangu ya kuomba msamaha. Na baba, yule wa ngoja pamba iuzwe, wiki hiyohiyo alituma saa mpya kwa dereva wa lori la pamba, imeviringishwa kwenye kitambaa cha mama, na barua ya mstari mmoja: Vaa hii, watu wanyamaze.

Nimeivaa. Mshale unatembea. Saa kubwa imerudi ukutani na Sista amesaini ukurasa wangu wa mapigo, bila kutabasamu. Watu hawajanyamaza. Jana saa sita mchana nilifika kitanda cha tatu, nikamshika mkono yule jamaa wa mguu wa kamba, nikaitazama saa yangu mpya kwa fahari. Akaniuliza kwa adabu zote, "Nesi, saa ngapi?"

Wodi nzima ikajibu, mpaka wale wa dripu.

Mapigo yake yalikuwa sabini na nne. Yangu sikuyapima.