Mwewe kwa rooftop yangu Kitale: nilimsaidia huyu mtoto ama nilimharibu?

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Shule niliachia darasa la nne, mkiona makosa ya kuandika ruka uendelee. Lakini uongo sina. Haya niliona na macho yangu.

Niko na ghorofa hapa town. Orofa nne kwenda juu. Nilijenga na jasho ya kuuza mbao, hakuna mtu alinishika mkono.

Juu kwa rooftop, nyuma ya tanki, mwewe walizaa. Si wale wa kuiba vifaranga. Hawa wanakamata njiwa hewani, wanashuka kama jiwe. Mpangaji wangu mmoja mwalimu anasema wanaitwa kozi. Sawa.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza akaruka. Wa pili, yule manyoya ya mkia yamevunjika, akabaki kwa ukuta analia kutoka asubuhi.

Sasa sikieni. Mama anakuja na njiwa kwa makucha, anapita mbele ya mtoto, hampatii! Anazunguka, anapita tena. Mara anaachilia njiwa, inaanguka kwa mabati.

Nikasema, huyu ni mama gani? Ama ni mgonjwa?

Basi nikawa naokota njiwa nampelekea mtoto mpaka miguuni. Siku nne. Ikikosekana nanunua nyama. Mama akanipiga makucha ya kichwa, kofia ikaanguka barabarani. Nikarudi na helmeti ya boda.

Mke wangu akapanda, akaniona, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Wafula, Wafula alikuomba kazi kwa yadi yako ya mbao, ukamwambia mwanaume hujitafutia. Huyu ndege ulimzaa lini?"

"Huyu hajui kuruka," nikamwambia.

"Na aruke aende wapi, na wewe unamletea?"

Nikafunga helmeti vizuri, nikampelekea mtoto njiwa yake.

Halafu matanga ikatupeleka Kanduyi, siku tatu. Kufika huko napapasa mfuko, kumbe ufunguo wa rooftop nimebeba! Hakuna wa kumlisha. Wakuu, nilikaa kwa matanga ya mtu nikiwaza njaa ya ndege.

Kurudi nilipanda ngazi mbio na hizi magoti zangu. Kwa ukuta hakuna kitu. Nikachungulia barabarani kama ameanguka. Hakuna.

Ndio nikasikia kile kilio. Juu! Mama ako na njiwa, na huyu wangu anamfukuza, nilimjua na manyoya ya mkia yaliyovunjika. Mama akaachilia. Mtoto akajipindua, akadaka hewani! Nilipiga kelele kama goli imeingia.

Nikamwonyesha nyama. Hata hakuniangalia. Nikafurahi, halafu nikakasirika, zote pamoja.

Nimejifunza kwamba mtoto kulia si lazima ametupwa. Lakini nimechanganyikiwa: bila zile siku nne zangu angepata nguvu ya kuruka? Ama angeruka siku ya kwanza?

Wanaojua ndege, semeni. Na nyinyi mliolea watoto, siku ya kuachilia mlijuaje? Hata kama utanichapa, chapa na sababu.