Kunde Kwenye Kibao

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Assitan Diarra amefundisha darasa la pili katika kijiji chetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ségou. Watoto sabini na wanane, madawati ishirini. Kicheko chake hufika darasani kabla yake.

Mwaka mmoja alirudi kutoka mafunzoni na mpango wa makundi. Wanaosoma hadithi walikaa dirishani, wanaounganisha silabi katikati, na wale ambao herufi bado ziliwateleza walizipanga kwa vizibo vya soda karibu na mlango. Kisha, akitaka utulivu, akatenganisha watani, koo mbili ambazo tangu enzi za mababu huitana "mla kunde": akina Traoré huku, akina Diarra kule. Utulivu akaupata, ule wa msibani. Na kundi la vizibo likajua kwamba ndilo la wajinga.

Humo alikuwemo Niagalé Traoré, ambaye hakuwa ametamka neno darasani tangu mvua zikatike. Baba yake, Zoumana, alikwisha kusema kwamba mwezi ukiisha hajasoma hata mstari mmoja, atampeleka kwa shangazi yake akajifunze kushona.

Asubuhi moja Bakary Diarra, msomaji hodari, alipita karibu na vizibo.

"Akina Traoré mnahesabu kunde?"

Niagalé akainua uso. "Kaa nasi basi, mla kunde. Huenda leo ukashiba."

Mwalimu aligeukia ubao ili wasimwone akicheka, au akilia; hata leo hasemi lilikuwa lipi.

Kesho yake aliwachanganya. Kila dawati likapata watani, mwepesi na mzito, na sheria moja: utani uandikwe kwenye kibao, na mwenzako ausome kwanza ndipo ajibu. Wa vizibo walipanga neno moja, waliotangulia waliandika sentensi nzima. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo hakuna aliyeona haya kukosea. Kelele zilifika hadi kisimani.

Mwezi ulipoisha Zoumana alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Karibu, mla kunde," Mwalimu alimwambia, naye akiwa Diarra. "Umekuja kuazima chungu?"

"We Diarra, usinichekeshe. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mwalimu hakubishana. Alimwomba tu asubiri kidogo, na mtani hanyimwi ombi. Akachukua kibao cha Bakary, kama kilivyokuwa, akampa Niagalé.

Mtoto aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, akakwama, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Baba... wa Niagalé... alikula kunde... mpaka... mpaka mkanda... ukakatika."

Zoumana alishika mkanda wake kabla ya kujizuia. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Bakary akainua mkono.

"Mjibu," Zoumana alimwambia binti yake, akaketi mwisho wa benchi.

Niagalé akainamia kibao, ulimi nje. Jibu lilikuwa refu. Baba yake akasubiri.