Mpiga Teo Niliyemuumba Barazani

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu ni ile asubuhi nilipomkuta Mama Shabani akikunja kanga zake kitandani, ilhali sindano zake hazijafika hata nusu. Mwanangu, kaa nikueleze. Nasikia siku hizi ninyi vijana mnatunga michezo yenu wenyewe, mnawaumba wapiganaji kwenye karatasi na kwenye simu. Hata mimi niliwahi kumuumba mmoja, na kidogo tu amgharimu mwenzangu uhai wake.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kifua kikuu kilinikuta nikilima kabichi kwetu milimani, wakanipeleka hospitali ya misheni upande wa Matombo. Katika wodi yetu ya wanawake tulichomwa sindano kila asubuhi, miezi miwili, kisha vidonge kwa miezi mingine mingi. Daktari hakupenda tujifungie ndani, kwa hiyo mchana kutwa tulikaa barazani tukitazama ukungu unavyopanda na kushuka. Wiki ya kwanza unasali. Wiki ya pili unaanza kugombana na wa kitanda cha jirani.

Aliyetuokoa ni Zuhura, msichana wa chuo pale Mzumbe, naye mgonjwa kama sisi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imemwagika sokoni Morogoro, na kwenye rundo moja la vitabu vya Kiingereza alikuwa ameokota kijitabu chenye picha za watu wenye mapanga na mazimwi, pamoja na kifuko cha kete zenye namba. Akakisoma, akatufasiria. Mchezo wenyewe hauna ubao. Mmoja anasimulia safari: mmeingia msituni, mmefika mtoni, ng'ambo kuna dude linawasubiri. Kila mchezaji ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, ana nguvu kiasi gani, anajua kufanya nini, anaweza kupigwa mara ngapi kabla hajaanguka. Unasema unachotaka kufanya, unarusha kete, nazo zinaamua kama umefaulu. Zuhura alisimulia. Mimi na Mama Shabani tulicheza kila siku, na wengine walijiunga wakijisikia nafuu.

Huyo Mama Shabani alikuwa mkata miwa wa Turiani, amenizidi miaka kama kumi na tano, mpole hata ukasahau yupo. Mumewe hakuja kumwona hata mara moja. Wenzetu wakitembelewa, yeye aligeukia ukutani. Lakini kwenye mchezo alichagua kuwa mbeba ngao, mwanamke anayetangulia mbele na kupokea mapigo ili wenzake wasiumie. Hapo sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nyuma yangu," alikuwa akisema, "wote nyuma yangu." Na sisi tunakwenda.

Mimi nilikuwa na mpiga mishale aliyekuwa akianguka kila safari, nikachoka naye. Kijitabu kiliruhusu mtu kubuni aina yake mwenyewe ya mpiganaji, basi nikachukua penseli nikashinda nayo siku mbili. Nikamuumba mpiga teo, kama wale wanaolinda ndege kwenye mpunga, wanaozungusha kamba yenye jiwe na kuliachia. Wangu alipiga kutoka mbali bila kukosa. Mawe yake hayakuisha. Alitangulia kupiga kabla ya mtu yeyote, na adui akimkaribia anaruka pembeni.

Zuhura aliisoma karatasi mara mbili. "Vero, huyu hana pa kumshika."

"Ni mwepesi tu," nikasema.

Akaniachia. Baadaye aliniambia kwamba wiki ile nilikuwa nimekohoa damu, akaona vibaya kunikatalia kitu.

Alasiri hiyo dude la mtoni lilianguka kwa jiwe langu kabla Mama Shabani hajagusa kete. La pili vilevile. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Mama Shabani alisema "nyuma yangu" mara moja, kisha akaona hakuna mwenye haja ya kuwa nyuma yake. Akaziweka kete chini taratibu, akasema anakwenda kulala. Kesho yake hakuja barazani. Keshokutwa ndipo nikamkuta anafunga mzigo.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kwetu, kwa wazazi. Gari la Mkuyuni linapita saa tatu."

"Na sindano?"

"Zimetosha."

Hazikutosha, na sote tulijua. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba anayekatisha dawa ugonjwa humrudia ukiwa sugu, na tulikuwa tumemwona mmoja aliyerudishwa amebebwa. Nikamuuliza, huku nikidhani atanicheka, "Ni kwa sababu ya mchezo?"

Hakucheka. "Mchezo ni mchezo tu, Vero. Ila kwa mume wangu nimeambiwa nisikanyage mpaka nipone, na humu ndani nimelala kama gunia. Pale barazani tu ndipo palikuwa na watu wanaohitaji nisimame mahali fulani. Sasa umemleta mtu wako anayefanya yote peke yake. Mimi nakaa kufanya nini?"

Nilitaka kuomba radhi, nikaona neno lenyewe ni dogo. Nikaenda kuleta karatasi na penseli, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake. "Basi nisaidie kumrekebisha kabla hujaondoka," nikamwambia.

Aliitazama, akakunja uso. "Kwanza nani alikwambia teo linapigwa hivi? Mimi nimelinda mpunga tangu mtoto mpaka naolewa. Mawe yanaisha, unainama kuokota. Ukizungusha, mkono wote uko hewani, huwezi kujikinga na kitu. Na mwenzako akisimama karibu unampasua kichwa. Mimi nilipokuwa nalenga ndege, dada yangu alisimama mbele kuzuia nyani wasinivamie."

Nikaandika kila alichosema. Mawe matano tu. Zamu moja nzima ya kutia jiwe na kuzungusha, na katika zamu hiyo yeyote anaweza kumpiga. Nikamwachia sifa moja: kwa mbali hakuna anayemfikia. Tulikuwa bado tunaandika gari lilipopiga honi kule barabarani. Mama Shabani aliinua kichwa, akasikiliza. Honi ikapigwa tena. Akarudisha macho kwenye karatasi na kusema, "Andika na hilo la kuinama kuokota mawe, umelisahau."

Gari likaondoka. Mwanangu, pumzi niliyoishusha pale, kwa mtu mwenye kifua kama changu, ilikuwa ndefu ajabu.

Alasiri tulicheza. Mawe yangu mawili yalikosa, dude likanijia mbio nikiwa bado nazungusha la tatu, na Mama Shabani akatangulia na ngao yake. Akarusha kete. Ngao ikashika. Jiwe langu likaenda likapata. Barazani palipigwa kelele hata muuguzi akatoka kuuliza nani amezidiwa.

Alimaliza sindano zake, makohozi yakapimwa yakaonekana safi, akashuka barabarani kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilifuata wiki mbili baadaye.

Nasaha yangu ni hii. Unapomuumba shujaa, usimpime peke yake. Mketishe kati ya wenzake, kisha uulize kila mmoja atafanya nini akiwepo huyu. Ukimkuta mmoja asiye na kazi, punguza. Mpe jambo moja analolijua kuliko wote na jambo moja asiloliweza mpaka asaidiwe. Muulize anayeijua silaha hiyo kwa mikono yake. Na rafiki akikuletea kazi yenye kasoro, mwambie siku hiyohiyo, hata kama unamhurumia. Mimi nimeyafuata haya hata nje ya mchezo, katika ndoa na katika kikundi chetu cha mboga, na yamenifaa.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe akili ya kutunga na moyo wa kufuta ulichokosea, na kila utakayeketi naye mezani aondoke akiwa na furaha kuliko alivyokuja.