Kahonzi na Hesabu za Moli

Bi Kahonzi hakuwa mwalimu, na kila aliyemwita hivyo alimsahihisha. Kazi aliyoajiriwa kuifanya katika shule ya harambee ya karibu na Kakuyuni ilikuwa kuosha vyombo vya kioo vya maabara, kupanga chupa za dawa kwenye rafu na kutunza funguo. Mwenyewe alikuwa amemaliza kidato cha nne huko Kilifi. Kemia aliipita vizuri, Kiingereza kikamwangusha, na cheti chake hakikumfikisha mbali zaidi ya ule mlango wa maabara.

Mwaka wa 1984, katikati ya muhula wa pili, mwalimu wa kemia aliacha kazi ghafla. Alikuwa amepata kazi katika hoteli moja ya Kikambala, na mshahara wa huko haukumpa nafasi ya kufikiri mara mbili. Mkuu wa shule, Mwalimu Mramba, aliandika barua ofisi ya elimu kuomba mwalimu mwingine. Akangoja. Akaandika tena. Watahiniwa kumi na mmoja walikwisha kusajiliwa, na mtihani ulikuwa Novemba.

Wiki ya tatu bila mwalimu, Kahonzi alikuwa akipangusa meza alipomwona Fondo, kijana mmoja wa kidato cha nne, amejishika kichwa mbele ya daftari. Swali lilikuwa fupi tu: gramu nne za sodiamu haidroksaidi ni moli ngapi?

"Kwani moli ni nini?" Kahonzi alimuuliza.

Fondo akaisoma maana yake kitabuni, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Hayo ni ya kitabu. Baba yako si huuza boriti?"

"Huuza, na fito pia."

"Korija ya boriti ni boriti ngapi?"

"Ishirini."

"Na korija ya fito?"

"Ishirini vile vile."

"Ukizitia kwenye mzani, je?"

Fondo alicheka. "Boriti zitavunja mzani!"

"Haya. Idadi ni moja, uzito mbalimbali. Moli ni korija ya watu wa kemia. Vitu vyao ni vidogo mno havihesabiki kwa kidole, kwa hiyo wao hupima uzito, wakajua idadi. Sasa, korija ya boriti ikiwa na kilo mia mbili, nami nikakuletea kilo hamsini, nimekuletea korija ngapi?"

"Robo."

"Umeipataje?"

"Nimegawanya." Fondo akatazama daftari, akaona moli moja ya ile dawa ina gramu arubaini. "Basi hizi gramu nne ni sehemu moja ya kumi?"

"Usiniulize mimi. Andika."

Kesho yake Fondo alikuja na wenzake wanne. Wiki iliyofuata walikuja wote kumi na mmoja, na Mwalimu Mramba akawachungulia dirishani. Jioni alimwita Kahonzi ofisini, akampa boksi zima la chaki.

Basi Kahonzi akawa na kazi mbili. Alfajiri, kabla ya kutoka, alikuwa akirudia hesabu zote mwenyewe mbele ya jiko la mamake, maana hofu yake kubwa haikuwa kushindwa swali. Alichohofia ni kuwafundisha kosa watoto wa watu, wakalibeba hadi kwenye mtihani kwa imani. Kila mlinganyo aliwakataza kuugusa kwa hesabu kabla ya kuusawazisha, hadi atomi za pande zote mbili zilingane. Easter, binti aliyekuwa mwepesi kuliko wote, alikuwa akichoka na masharti hayo.

"Lakini jibu nimeshalijua, Mwalimu!"

"Mimi si mwalimu. Sawazisha kwanza."

Ikafika Novemba. Mtihani wa vitendo ulihitaji msimamizi mwenye ujuzi wa kemia, na Mwalimu Jaafar akatumwa kutoka Malindi mjini. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi, maneno yake ya upole. Siku ya kuamkia mtihani Kahonzi alipewa maagizo yaliyofungwa kwa lakiri. Alipima dawa kwa mzani, akaziyeyusha, akajaza maji hadi alama, akabandika karatasi kila chupa. Alipima kila kitu mara mbili.

Asubuhi watahiniwa waliingia. Kazi yao ilikuwa kunyonya kipimo cha dawa moja kwa pipeti, mrija wa kioo wenye ujazo maalumu, kisha kuidondoshea asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi igeuke, na kuandika asidi iliyotumika. Jaafar naye, kama ilivyompasa, aliingia stoo kufanya jaribio lile lile peke yake, ili wasahihishaji wapate kujua dawa za shule ile zilikuwaje. Vyombo alitoa mkobani mwake. "Hivi nimevizoea," alisema.

Mtihani ulipokwisha alikusanya karatasi, akazitia kwenye bahasha na kuifunga. Kisha akasimama, uso umebadilika.

"Bi Kahonzi, dawa hizi ni wewe uliyezichanganya?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mimi nimetumia asidi mililita ishirini na nne nukta nane. Wanafunzi wako, niliokuwa nikiwapitia, wote wana kumi na tisa na kitu. Huyu kumi na tisa nukta tisa, yule kumi na tisa nukta nane. Hawawezi kukosea wote kwa namna moja. Dawa iliyo stoo na iliyo mezani si moja, nami sina budi kuandika kwenye fomu kwamba zilikuwa na kasoro."

Kahonzi alijaribu kukumbuka: chupa ya kwanza, chupa ya pili, maji hadi alama. Je, ile ya mwisho aliitikisa? Watoto kumi na mmoja, miaka minne kila mmoja, na yeye mwosha vyombo ndiye aliyewaharibia.

"Nipe dakika kumi," alisema. "Tafadhali."

Alikwenda kwenye karo, ambako vyombo vilikuwa bado havijaoshwa. Akaanza kuvishika kimoja kimoja, hata mwenyewe hajui anatafuta nini. Akainua pipeti moja, akaitazama shingoni. Imeandikwa mililita ishirini. Nyingine, ishirini. Zote. Akaingia stoo mbio, akaichukua ya Jaafar. Ishirini na tano.

Alichukua chaki akaandika pale pale juu ya meza nyeusi: ishirini na nne nukta nane, zidisha kwa ishirini, gawanya kwa ishirini na tano. Ikatoka kumi na tisa nukta nane na ushei.

Jaafar aliinama akaisoma, akaisoma tena, akajipiga paji la uso.

"Subhanallah! Mimi nilikuwa nikipima kibaba kikubwa, wao kidogo, kisha nataka tulingane. Dawa yako ni sahihi kabisa, bibie. Niwie radhi." Akachukua kalamu akaandika kwenye fomu ukubwa wa pipeti za shule na wa ile yake.

Lakini Kahonzi alikuwa keshatoka nje. Karatasi ya mtihani ilikuwa na nafasi ya kujaza ukubwa wa pipeti, na mifano yote ya kitabu chao ilikuwa ya ishirini na tano. Hakukumbuka kama aliwahi kuwaonya. Aliwakuta kwenye tangi la maji.

"Easter! Pipeti uliandika ngapi?"

"Mwanzo niliandika ishirini na tano," Easter alisema. "Kisha jibu likanijia baya, nikaitazama pipeti yenyewe. Nikafuta, nikaweka ishirini."

Aliwauliza wote. Ishirini, ishirini, ishirini. Menza peke yake aliinamisha kichwa. "Mimi niliacha ile ya kitabu."

"Utapoteza maksi mbili tatu," Kahonzi alimwambia, akimshika bega. "Hazikuui."

Akaketi chini pale pale, juu ya saruji yenye majimaji, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wanafunzi walitazamana, kisha nao wakacheka bila kujua sababu. Jioni ile alikula sima na mboga ya mchunga sahani mbili, na mamake akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Matokeo yalipokuja mwaka uliofuata, tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wamepita kemia, Menza akiwa wa mwisho kati ya waliopita. Mwezi huo huo mwalimu mpya aliletwa, kijana mwenye cheti kamili. Watu walidhani Kahonzi ataona uchungu kumwachia ubao. Badala yake alimkabidhi rejista na kumtembeza maabara nzima, akieleza rafu hadi rafu, mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Usiku ule alilala fofofo, na alfajiri hapakuwa na hesabu ya kurudia.

Mchana, alipokuwa akisuuza bilauri, binti wa kidato cha pili alisimama mlangoni na daftari kifuani.

"Shikamoo. Ati ni wewe unayesawazisha milinganyo?"

"Marahaba," Kahonzi alijibu, akijifuta mikono kwa leso. "Ni wewe utakayesawazisha. Vuta stuli."